Mgomo wa Walimu na Ndoo za Darasa la Saba

Wenzangu mliovaa kaptura za kaki zenye viraka viwili nyuma kama miwani, hebu sogeeni tukumbushane. Hawa vijana wa siku hizi wakisikia redioni walimu wanadai mishahara, wanabishana kwenye simu mpaka betri inalia, halafu wanalala. Sisi mgomo wa walimu tuliuona kwa macho. Tuliunenepea wiki ya kwanza, wiki ya pili ukatukondesha.

Nasema habari za Kwamndolwa, tulipokuwa wadogo. Kengele yetu ya shule ilikuwa ringi ya lori, na ikipigwa sawasawa nawaambieni watu wa Mombo walikuwa wanageuza shingo. Asubuhi unakunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, unakamata ufagio na kipande cha kuni, mbio. Umande unakulowesha mpaka magotini, ukifika shuleni miguu imeshika vumbi jekundu, umevaa soksi ambazo mama hakununua. Mchana tunarudi kula bada, ugali wa muhogo, na mchunga, ile mboga chungu ambayo bibi yangu wa Handeni alisema inafukuza homa. Nadhani homa ilikuwa inakimbia ladha yake.

Na kulikuwa na zamu ya maji. Kila jioni darasa la saba wanashuka mtoni, wanapanda na ndoo kichwani, jani la mgomba linaelea juu ili maji yasiruke, wanapeleka nyumbani kwa walimu. Mtoto wa leo ukimwambia hivyo atatafuta namba ya kukushtaki. Sisi ilikuwa heshima. Ukipangiwa ndoo ya Mwalimu Hamza unatembea shingo imenyooka kama askari wa gwaride.

Mwalimu Hamza alifundisha hesabu. Alikuwa kijana mrefu, mwenye viatu vilivyochoka upande mmoja, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kupita kwenye kosa. Siku ya hitma kwa jirani, watu wamenyamaza wanasubiri pilau, yeye akamsahihisha mgawaji kwamba sahani hazitatosha kwa mpangilio ule. Akainuka kupanga upya. Pilau likaliwa limepoa, lakini kila mtu alikula.

Basi mwaka ule mishahara ya walimu ikachelewa. Ikachelewa tena. Ikachelewa mpaka Mwalimu Tatu, mwalimu wetu wa jiografia, mama mwenye sauti ya kupasua nazi, akaanza kuuza vitumbua dirishani kwake. Jumatatu moja kengele ikalia, tukajipanga mstarini, tukaimba, tukaingia darasani. Mwalimu hakuja. Tukachungulia. Walimu wote walikuwa nyuma ya ofisi, kwenye kivuli cha mwarobaini, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Walifika kazini, wakasaini, wakakaa. Hawakwenda nyumbani na hawakushika chaki.

Jamani, furaha! Nadhani hata siku ya Uhuru watu hawakuruka vile. Wavulana tukakata milingoti ya mkonge tukasimamisha magoli, mpira wa makaratasi ukapigwa asubuhi hadi jua la utosi. Wasichana wakacheza rede mpaka uwanja ukatoboka. Tulicheza kombolela, tukajificha kwa ustadi hata mmoja wetu akasahaulika, akajitokeza mwenyewe saa ya chakula akiwa amekasirika. Lakini wiki ya pili mchezo ukaisha utamu. Kutoroka shule tulikopenda kuliko sukari kukafa kabisa, maana utatoroka nini shule isiyofundisha?

Wakubwa nao wakaanza bunge lao kwa Mzee Shabani muuza kahawa. Kila jioni vikombe vinagongana, sauti zinapanda.

"Mwalimu anakaa kivulini, mimi nalima juani," alisema jirani yetu mmoja, mkulima wa mahindi. "Wa kugoma ni nani hapo?"

"Wewe goma," Mzee Shabani akamjibu huku anamimina. "Goma kesho. Tuone mahindi yatakubembeleza."

Watu wakacheka. Hapo ndipo baba yangu alipokuwa anasimama. Baba alikuwa mtoto wa manamba, wale waliotoka mbali kuja kukata mkonge, babu yetu alitoka Songea. Baba mwenyewe alikata mkonge miaka mingi kabla hajahamia Kwamndolwa kulima, na mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba kama ramani. Kuhusu mgomo hakuna profesa aliyemzidi.

"Mtu kafanya kazi, hajalipwa, mnataka afanye nyingine bure?" alisema. "Sisi kwenye mkonge tukigoma, tumegoma. Ukikata jani moja tu, wewe si mwenzetu. Na ole wake mtu atakayekwenda kuwarubuni hawa walimu warudi kabla ya haki yao."

"Hata kama mwanao ana mtihani?" jirani akauliza.

Baba akanywa kahawa.

Maana mtihani ulikuwepo. Dada yangu Rehema alikuwa darasa la saba, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia kama mvua unayoiona inashuka milima ya Usambara. Rehema alitaka sekondari, na baada ya sekondari alitaka kuwa mwalimu, mwenyewe alisema hivyo tangu akiwa na meno ya utoto. Ila Handeni, kwa shangazi yetu wa Mkata, kulikuwa na bwana mmoja mwenye mbuzi wengi na ndevu za kutosha ambaye alishamuulizia. Baba hakumkataa wala hakumkubali. Alisema tu, "Tusubiri mtihani." Akichaguliwa, anakwenda shule. Asipochaguliwa, anakwenda Mkata "kumsaidia shangazi", na nyumba nzima tulijua msaada huo unaishia wapi.

Mama alimwambia baba jikoni, mimi nasikia: "Baba Rehema, unawatetea walimu vizuri. Na huyu wa kwako nani anamtetea?"

"Unataka nifanyeje? Nikamshike mwalimu mkono?"

"Mimi sijui. Ila mbuzi wa watu mimi siwachungi."

Rehema hakulia wala hakununa. Aliita wenzake wa darasa la saba, wakakaa nyuma ya choo cha shule wakanong'ona mpaka sisi wadogo tukaumwa masikio kwa kujaribu kusikia. Kesho yake jioni ndoo hazikwenda nyumbani kwa walimu. Waliteka maji kama kawaida, wakayaweka majani ya mgomba, kisha wakazipanga ndoo moja moja ndani ya darasa la saba, pale mbele, chini ya ubao. Wakakaa kwenye madawati kimya, madaftari wazi. Ubaoni Rehema alikuwa ameandika hesabu.

Sisi darasa la tano, kwa kuwa hatukuwa na kazi nyingine duniani, tulining'inia dirishani kama popo.

Mwalimu Hamza alikuja kutafuta maji yake, taulo begani. Akaingia, akainama achukue ndoo. Akainua kichwa. Akaona ubao. Jamani, niliona uso wake ukibadilika kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Nusu ukijumlisha na robo, Rehema alikuwa ameandika, jibu ni mbili ya sita.

"Nani kaandika uchawi huu?"

"Mimi, mwalimu."

"Rehema! Nusu chungwa na robo chungwa, umepata pungufu ya nusu chungwa. Hilo jingine nani kalila?"

Darasa zima kwa pamoja: "Hatujui, mwalimu! Hatujafundishwa!"

Mwalimu Hamza akatazama nje, kule kwenye mwarobaini. Akatazama ndoo. Akatazama tena ile mbili ya sita. Akaiweka ndoo chini. Kisha mkono wake, naapa haukumwomba ruhusa, ukaokota chaki.

"Hamza!" Mwalimu Tatu alipaza sauti kutoka kivulini. "Unafundisha?"

"Sifundishi! Nasahihisha!"

"Heee! Kweli wewe mgonjwa."

Basi kesho yake Mwalimu Tatu akaja mwenyewe kuchukua ndoo, kifua mbele, amejiandaa kutotazama ubao. Akatazama. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri: Mto Pangani unaanzia baharini na kumwaga maji yake Mlima Kilimanjaro. Yule mama alipiga ukelele nikadhani ameona nyoka. "Unapanda? Maji yanapanda mlima? Nyie watoto mnataka kuniua!" Alisahihisha mpaka jua likazama, akatoka bila ndoo, ikabidi mtu amkimbilie nayo.

Hivyo ndivyo darasa la saba walivyosoma. Kila siku makosa mapya ubaoni, na Rehema aliyatunga kwa ufundi wa ajabu, maana kukosea vizuri kunataka uelewe. Asubuhi walimu wanacheza drafti, wamegoma. Jioni wanakuja kuchukua maji, wanasahihisha.

Lakini Kwamndolwa si mahali pa siri. Habari zikafika kwa Mzee Shabani kwamba walimu wamevunja mgomo, na kwamba aliyewavunjisha ni binti wa yule bwana anayetetea mgomo kila jioni. Jirani wa mahindi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Baba akainuka bila kumaliza kikombe. Mimi nilimwona anapita njia ya shule kwa hatua za mtu anayekwenda kuzima moto, nikakata njia ya uani nikawahi dirishani kwangu.

Akasimama mlangoni. Mwalimu Hamza alikuwa na chaki mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, umevunja mgomo?"

"Sijavunja, mzee. Nasahihisha tu makosa."

"Na anayekosea nani?"

Rehema akasimama. "Mimi, baba."

"Umekosea kwa kutojua, au kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, baba."

Nilimwona dada anashika dawati kwa mikono miwili. Nikawaona mbuzi wa Mkata kichwani mwangu, wote, wanakuja mmoja mmoja na kengele shingoni. Baba alitazama ubao, ambao hakuweza kuusoma vizuri, akatazama ndoo zilizopangwa, akamtazama mwanawe. Akavua kofia.

"Mwalimu," alisema, sauti imeshuka, "sisi kwenye mkonge tukigoma, kisu tunatupa chini, jani hatugusi. Lakini kitalu cha miche tulikuwa tunakinywesha. Kila siku, kwa zamu, msimamizi akituona tunamwambia hii si kazi yako, hii ni yetu. Maana kitalu kikikauka, hata ukishinda mgomo utarudi kukata nini?" Akaelekeza kofia kwenye madawati. "Hiki ni kitalu. Nywesheni. Akija mtu kuwaambia mmevunja mgomo, mniletee mimi." Kisha akageuka dirishani, akatuona. "Hawa ni magugu. Waacheni hivyo hivyo."

Ndiyo maana mimi magugu nikaja kumaliza sekondari ukubwani, masomo ya jioni, nina ndevu kumzidi aliyenifundisha. Lakini hayo tuyaache.

Mishahara ilikuja, haikuja yote, lakini ilikuja, na walimu wakarudi madarasani na fimbo zao za mkwaju, nasi tukakumbuka ghafla kwa nini tulikuwa tunatoroka. Mtihani ukafanyika. Siku majina yalipobandikwa, mtu alipiga kelele kutoka shuleni, mwingine akaipokea njiani, na jina la Rehema lilifika nyumbani kabla ya mwenyewe. Mama akapiga vigelegele mpaka kuku wakahama. Baba alituma ujumbe mfupi Mkata: yule bwana aendelee kufuga.

Asubuhi ya safari, tranka la bati la Rehema lilikuwa zito kama limejaa mawe. Mwalimu Hamza alikuja bila kuitwa. Akalipakia kwenye baiskeli yake, akalifunga kwa kamba ya mkonge, akaisukuma mpaka stendi ya Korogwe, viatu vyake vinachechemea upande ule ule. Nyuma yake baba, nyuma ya baba Mwalimu Tatu na vitumbua kwenye karatasi, nyuma yao jirani wa mahindi ambaye alisema walimu hawana haki ya kugoma na hakuwahi kubadili neno lake. Walibishana njia nzima kuhusu mshahara wa mwalimu. Hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyerudi nyumbani kabla basi halijaondoka.

Rehema sasa ni mwalimu, yuko Kerenge, na mabishano yenyewe bado yapo, safari hii kuhusu yeye na walimu wenzake. Nayasoma kwenye simu. Watu wanaandika kwa hasira kuhusu walimu kama vile wanaandika kuhusu taifa la mbali. Nami siwalaumu sana. Mwaka jana kijana wangu alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Niliweka habari kwenye kundi letu la mtaa, nikapata vidole gumba na maua mpaka simu ikashika joto. Mwalimu aliyemfikisha pale sijui hata anakaa mtaa gani. Asubuhi ya safari nilifungua mlango nikasimama kidogo barazani, nikitazama njia juu na chini, kama kuna baiskeli inakuja. Kisha nikainama, nikabeba tranka mwenyewe.