Mzee Aliyenionyesha Njia ya Kitabu

Jambo hili limenipata mimi mwenyewe, macho wazi, saa tatu asubuhi, jua likiwaka. Najua mmezoea kusikia kwamba wafu hutembea usiku. Wangu alikuja mchana kweupe, akanisalimu vizuri. Na kama mnadhani natunga, jiulizeni: nani atatunga uongo wa kujifukuzisha kazi? Kisa hiki kimeninyang'anya kazi, kimeninyang'anya jina, na sasa kimeingia hadi nyumbani kwangu.

Nilikuwa shofere wa shirika moja dogo hapa Kalemie. Tulipeleka dawa kwenye vituo vya afya, hadi kule Kirungu, juu ya milima ya Marungu. Gari letu lilikuwa jipu kubwa la mazutu, yaani dizeli, na lilikuja na kitabu chake. Hicho kitabu, niamini, ndicho adui yangu wa kwanza. Kilisema gari hili linakunywa lita kumi kwa kilomita mia. Kumi! Nani aliliendesha, na wapi? Mkuu wetu wa magari alikiamini kitabu hicho kuliko macho yake, na mazutu yangu alinipimia kwa kukifuata. Mimi nilirudi kila safari na kumi na sita. Masika, zaidi. Hata likiwa tupu halikushuka chini ya kumi na tano.

Nilimweleza mpaka mdomo ukakauka. Nilimweleza milima, mashimo, matope, gia ya kwanza kutwa nzima, maboksi yamejaa hadi kwenye paa. Nikamwambia, "Shefu, twende pamoja siku moja, ukae mbele, uone weye mwenyewe." Akasema ana kazi nyingi bironi, pale ofisini kwake. Kisha akaongeza, "Wenye kutengeneza gari walisoma. Weye unawashinda?"

Unajibu nini hapo? Biro nzima ilielewa alichotaka kusema. Kwetu shofere akizidisha mazutu, basi anayanyonya kwa mpira na kuyauza kwenye mabidoni, yale madumu ya plastiki, pembeni mwa barabara. Nilipewa barua ya kwanza, nikapewa ya pili. Barua ya tatu ni kufukuzwa, na mimi nina watoto wanne wa kulipiwa minerval, karo ya shule. Usiku sikulala, nikihesabu milima.

Basi siku hiyo nilikuwa narudi kutoka Kirungu. Kiangazi, gari tupu, tangi nimelijaza kwenye pipa letu la kule kituoni. Sikuwa nimeenda mbali nilipomwona mzee amesimama kando ya njia, amevaa salopeti, ovaroli ya kaki iliyopigwa pasi, kitambaa cha kufutia gari mkononi. Nilipunguza mwendo ili nisimmwagie vumbi. Hapo ndipo nilipokosea.

Kabla hata ya kunisalimu alilizunguka gari, akalipiga teke tairi la nyuma. Nikajua huyu ni wa kazi yangu. "Papa, ile pine inaomba upepo," akasema. "Weye unaenda Kalemie?"

"Njo vile, Papa. Lakini gari ya biro haibebi watu."

"Najua sheria ya gari ya biro," akasema. "Sitakusumbua. Sitakumalizia mazutu."

Viatu vyake vilikuwa vimepakwa dawa, vinang'aa, na kwenye njia ile mbuzi mweupe hugeuka mwekundu kabla ya saa nne. Niliona. Nakwambia niliona, nikasema moyoni labda ametoka nyumba ya jirani. Nikamfungulia mlango.

Sasa, mimi wakati ule nilikuwa na ugonjwa mmoja: kila niliyekutana naye nilimlalamikia habari ya mazutu. Mke wangu alichoka, kanisani walichoka. Nikaanza pia kwa mzee. Alinisikiliza huku anafuta dashibodi taratibu, kona kwa kona. Kisha akauliza, "Kitabu yako inasema ngapi?"

"Kumi."

"Na weye unapata ngapi?"

"Kumi na sita."

"Mimi nilikuwa napata kumi na saba," akasema. Akakunja kitambaa. "Unajua walipimia wapi ile kumi? Mu nyumba. Gari iko pale pale, pine zinazunguka juu ya vyuma, yenyewe haiendi fasi yoyote. Hakuna mulima, hakuna upepo, hakuna mutu na mizigo yake. Ile njia ya kitabu haiko mu dunia hii." Akanigeukia. "Unataka uione?"

Na mimi, mjinga, nikacheka. Nikasema, "Nionyeshe, Papa, labda nitaponea hapo."

Sikuona alichofanya. Sikusikia maneno yoyote. Ila usukani uliacha kutetemeka mikononi mwangu. Mashimo nilikuwa nayaona kwa macho, naingia ndani yake, na gari halishuki. Tukafika mlima ule ambao kila shofere wa njia ile anaujua kwa matusi yake, na gari likapanda bila kuomba gia. Nikatazama kioo cha nyuma. Hakukuwa na vumbi. Kiangazi, barabara ya Marungu, na nyuma yangu hewa ni safi.

Kuna kijiji kimoja ambapo watoto hukimbilia gari kila siku wakipiga kelele. Tulipita katikati yao. Hakuna aliyeinua kichwa. Mwanamke mmoja alikuwa anatwanga, na mchi ulikuwa unapanda na kushuka, na sikuusikia. Nilipiga honi. Hata honi sikuisikia. Hapo nilitaka kulia, sioni haya kusema.

Mshale wa mazutu ulikuwa umelala juu kabisa. Mzee alitoa kaye ya gari pale inapokaa, ile tunayoandikia safari, akaifungua magotini kama mtu anayeifahamu, akaandika. Nilitaka kumwambia aache. Ulimi haukufanya kazi.

Safari ya kutwa tuliimaliza saa tisa alasiri. Kwenye nyumba za kwanza za mji, pale mama mmoja anapouza mazutu ya bidoni, akasema, "Nishukie hapa." Akashuka. Aliufunga mlango na haukulia. Halafu akainama dirishani akasema, "Sasa umeiona. Mimi nilikufa bila kuiona." Na nilipotazama tena nikaona yule mama na mabidoni yake tu. Papo hapo gari likagonga shimo mpaka meno yangu yakagongana, na kelele zote za dunia zikarudi.

Mnadhani nilifanya nini? Mtu mwenye akili angeyamwaga mazutu yale. Angefungua tangi pale pale, akamwaga kwenye mtaro mpaka hesabu ifike kumi na sita, akaenda kulala. Nimewaza hivyo kila siku tangu wakati ule. Lakini mimi nilikuwa na hofu, na ndani ya hofu kulikuwa na furaha ya kijinga: leo mkuu ataniacha. Nikaingiza gari bironi. Mkuu wa magari akapima tangi, akapiga hesabu, akapiga tena. Kumi. Kumi kamili. Akanipa mkono, akaniita Papa mbele za watu.

Asubuhi yake nikaitwa. Mezani kulikuwa na kitabu cha gari, kaye, na barua ya tatu imeshaandikwa.

"Jana umetuonyesha kama inawezekana," mkuu akasema. "Basi zile siku ingine zote, mazutu ilikuwa inaenda wapi?"

Niambie wewe, ungesema nini? Niseme nilibeba abiria, kinyume cha sheria? Niseme abiria mwenyewe ni mfu? Nikaivuta kaye, nikaona mstari wa jana. Mwandiko umelala upande, wa zamani, mzuri, na sahihi mwishoni. Si wangu. Mama Feza, sekretere, ambaye yuko bironi tangu shirika lianze, aliutupia jicho akasimama na kutoka nje. Nilimkuta uani anajifuta uso.

"Ule ni mukono ya Papa Kabwe," akasema. "Na sinyatire ni yake."

Papa Kabwe alikuwa shofere kabla yangu. Walimfukuza kwa sababu ya mazutu, na hakumaliza mwaka. Sikuwahi kuonana naye. Lakini nitasema na hili, kwa kuwa nataka kusema ukweli wote: nilipochukua usukani wake nilikuwa na mzaha wangu mmoja pale uani. Nilisema, "Papa Kabwe alikuwa anakunywa mazutu kuliko gari." Watu walicheka. Niliurudia mara nyingi.

Nilimtafuta mjane wake. Nilimkuta anaanika nguo. Nilimweleza yote, na hakushangaa hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu: "Nguo zako za kazi, zinanuka mazutu?"

"Hapana, Mama."

"Na zake hazikunuka. Miaka yote nilimufulia kwa mikono hii. Mwenye kunyonya mazutu kwa mpira ananuka mpaka mu nywele, sabuni haiitoi. Wangeniuliza mimi. Hakuna mutu alikuja kuniuliza." Akatundika shati. "Weye njo wa kwanza, na weye unakuja kwa shida yako."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mpaka leo sijui kama Papa Kabwe alitaka kunisaidia au alitaka nionje alichokula yeye. Wakati mwingine nawaza hakutaka chochote kwangu, alitaka tu kuifikia ile kumi mara moja. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Siku hizi naendesha pikipiki ya kubeba watu. Gari lina shofere mpya, kijana mwenye heshima, na amepewa kitabu kile kile. Nilimsimamisha njiani nikamwonya habari za mzee wa salopeti. Alinisikiliza, kisha akatabasamu. "Papa, inasemekana weye ulikuwa unakunywa mazutu kuliko gari." Mzaha wangu mwenyewe, neno kwa neno.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama unaendesha gari la watu: ukimwona mzee mwenye viatu safi kwenye njia ya vumbi, mpite. Akikuuliza kama unataka kuiona njia ya kitabu, mwambie yako inakutosha, na mashimo yake yote. Na kama wewe ni mkuu, panda gari lako mwenyewe siku moja kabla hujaandika barua.

Mimi sina tena cha kupoteza, nilidhani hivyo. Juzi nilirudi mapema kutoka barabarani. Mke wangu, niliyeishi naye miaka kumi na minne, aliyenifulia siku zote, alikuwa amelitoa sandukuni shati langu la kazi. Alikuwa amelishika kwa mikono miwili, ameliweka puani. Aliponiona akalishusha haraka, akaniambia alikuwa anatafuta kifungo.