Kabla ya Arobaini

Je, mdogo wangu angepona kama tungetoka jioni ile ile? Mpaka leo harufu ya mafuta ya nyonyo hunirudisha katika chumba chetu cha Kwedizinga, alimolala mtoto mchanga akiharisha, utosi umebonyea, midomo imekauka.

“Mama, nimpeleke zahanati,” mama alimwomba bibi, mkwewe.

“Arobaini haijatimia, mwanangu. Unataka apatwe na kijicho?”

“Kijicho kitampata mtoto gani, mama, naye anakauka hivi?”

Bibi alimpapasa mjukuu wake utosi.

“Basi kesho. Alfajiri, watu wakiwa bado ndani.”

Kulipopambazuka bibi mwenyewe alimbeba mgongoni, akamfunika gubigubi. Njia nzima mtoto hakulia, nasi tukashukuru kwamba hakuna aliyemsikia.