Bati la Baba

Zamani zile bati lilikuwa heshima. Baba alipoezua makuti na kuezeka bati, mtaa mzima ulikuja kutupongeza. Kumbe tumejenga tanuri! Wageni walikunywa chai huku wakijipepea kwa kawa, na baba, jasho likimchuruzika, akaapa kwamba anasikia baridi.

Mama alichoka. Siku moja baba akiwa kazini, aliwaita wajomba zangu wakatandika makuti juu ya bati, na nyumba ikapoa. Baba aliporudi alifoka: watu watajuaje kama sie tuna bati? Akaamuru upande wa barabarani ufunuliwe.

Mama hakubisha. Wajomba walipokwisha kufunua, aliingia ndani akakisogeza kitanda cha baba mpaka chini ya ile heshima.