Gunzi Kwenye Tenki

Juzi pale Sirari niliona pikapu kuukuu, tenki lake limezibwa kwa gunzi la mahindi lililofungwa nailoni, nikamkumbuka yule mpuuzi aliyejiita fundi.

Alipanda nasi gari la baba, lililokuwa likiishiwa nguvu kwenye kila mlima wa Itiryo huku maziwa yakichacha nyuma. Lilipogoma, alichomoa gunzi lililoziba tenki letu pia, tenki likavuta pumzi, naye akainama kunusa. "Petroli ya Isebania hii, mzee. Chafu." Gari likawaka. Mimi mtoto nikaamini pua yake inatibu injini. Kumbe gunzi ndilo lililozuia hewa kuingia, petroli ikashindwa kufika kwenye injini.

Baba akamsifu. Fundi akalirudisha gunzi, kizibo alichokitengeneza mwenyewe, akalipigapiga likaze. Mlima uliofuata sote tukashuka, tukamngoja anuse.