Pete Tano za Mzee Komeo

Jina la Komeo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na jirani yake, fundi viatu, aliyewaambia wateja kwamba mdomo wa mtu huyu una makomeo mawili, moja la ndani na moja la nje, na kwamba funguo zake mwenyewe hajui alikozitupa. Jina likakaa. Hata barua za ofisi ya mtaa zilikuja zimeandikwa Komeo, Fundi Kufuli.

Kibanda chake kilikuwa kimebanwa kati ya duka la viatu na ngazi za jengo la bima, chembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia kwa ubavu. Ndani palikuwa na jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila ukubwa zilizopangwa kama uma na vijiko, na ukuta mmoja wa kijani uliochakaa kwa kutazamwa. Nasema kutazamwa kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi ya ukuta ule. Komeo akishamaliza kutengeneza kufuli ya namba au kasha la siri, alisema neno moja tu, "Geukeni," na wote wasiokuwa wenye kufuli walitazama ukuta. Mwenyewe aliitwa karibu, akanong'onezwa sikioni mara moja, akarudia kwa mikono yake mbele ya fundi, basi. Hakuna kilichoandikwa. Aliyeomba aandikiwe aliambiwa kwamba karatasi ina macho.

Siku moja mwanamume alileta sanduku la mkewe, akasema mke amesafiri na yeye anataka shati lake lililomo humo. Komeo alilipapasa sanduku, akalisifu, akamwambia atamsubiri mwenye sanduku arudi safari. Yule bwana akafoka kwamba yeye ndiye mume. "Nakuamini," Komeo akamjibu. "Ila sanduku halikujui." Fundi viatu aliisimulia hiyo kwa miaka.

Komeo alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita, kwa hiyo kila akitoka shule aliketi kibandani juu ya debe la rangi lililogeuzwa kichwa chini, akisoma. Baba yake alimwita kwa utani Chiriku, yule ndege asiyejua kunyamaza, kwa kuwa mtoto mwenyewe siku nzima angeweza kusema maneno manne, na mawili kati ya hayo yakawa "ndiyo, baba". Watu walimtia haya mno. Mteja akikanyaga tu kizingiti, Chiriku alikuwa ameshageukia ukuta, kitabu na yeye, kabla ya neno la baba yake kutoka.

"Huyu umemfunza," wateja walicheka.

"Sijamfunza," alisema Komeo. "Kazaliwa nayo."

Chiriku akakua na haya zake, akafika nazo chuo kikuu, akatoka nazo. Zilimtafutia kazi inayofanana nazo: alikuwa mwandishi katika kampuni ya kutengeneza michezo ya video. Wengine walichora sayari na vyombo vya angani, wengine waliitia sauti milipuko, na yeye aliandika yale maneno madogo ambayo mchezaji huyasoma akiokota kitu. Hapo ndipo alipozoeana na viumbe wa kale wa mbinguni. Karibu kila mchezo wa sayari za mbali una kitu chao: nguzo nyeusi jangwani, yai la chuma chini ya barafu, jiwe linalovuma mtu akilikaribia. Waliokitengeneza walitoweka miaka milioni iliyopita, na hakuna anayewauliza walikuwa nani wala kama waliacha watoto. Kazi ya kitu hicho ni kuikwamua hadithi. Shujaa akikosa njia, kitu kinawaka, mlango unafunguka, mbio zinaendelea. Pale ofisini kilikuwa hakina hata jina. Msimamizi wao alikuwa akisema, "Hapa pamekwama, tupieni kitu," kama mtu anayetaka chumvi iongezwe.

Chiriku alikuwa ameshaandika vitu zaidi ya hamsini, na mwisho wa karibu kila kimoja aliweka sentensi ileile: Waliojua kukifungua hawapo tena. Aliiandika kama watu wanavyoandika tarehe juu ya barua.

Wakati huo Mzee Komeo alikuwa na miaka sabini na mbili, amefunga kibanda, anaishi na dada yake. Alikuwa ameanza kupoteza vitu. Kwanza miwani, halafu majina, halafu siku moja akapoteza njia ya kutoka dukani, mita mia mbili. Shangazi, ambaye hakujaliwa kuona jambo bila kulitania, alisema kwamba fundi wa funguo akipoteza funguo watu wahame mji. Lakini jioni alimpigia Chiriku simu na hakutania.

Ndipo Chiriku alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alinyoosha mkono kikaoni. Mchezo mpya ulihitaji kitu ambacho wachezaji hawajawahi kukiona. Akasema, huku akitazama meza, kwamba baba yake anaweza kutengeneza kasha lisilo na tundu la ufunguo. Wachoraji wangelitia kwenye mchezo kama lilivyo, na mchezaji angelifungua kwa njia ileile ya fundi. Moyoni alikuwa na lake: aliamini kazi ingemshika baba yake kama mkono unavyomshika mtoto barabarani. Msimamizi alipenda.

Mzee alipoelezwa, aliuliza swali moja.

"Mwenyewe nani?"

"Ni la kampuni, baba."

"Kampuni haina sikio. Nitamnong'oneza nani?"

"Mimi."

"Basi ni lako," alisema, na akatuma aletewe tupa zake.

Lilimchukua miezi saba. Kasha la mbao nyeusi, ukubwa wa mkate, limezungukwa na pete tano za shaba zinazozunguka kila moja kwa upande wake. Kwa miezi ile hakupotea hata mara moja. Mikono ilijua ilipo, na kichwa kiliifuata. Wachoraji walikuja wakalipiga picha nje pande zote. La ndani, aliwaambia, mtaambiwa na mwenyewe.

Jumatatu moja asubuhi alipiga simu. "Limekwisha. Njoo leo uchukue siri yako."

Chiriku alikuwa anaingia kikaoni. Akasema, "Nitakuja Alhamisi, baba."

"Alhamisi," mzee akakubali.

Jumatano aliamka amelegea upande mmoja wa mwili, akamwita dada yake mama. Daktari alisema kiharusi, kidogo, na kwamba mwili utarudi. Mwili ukarudi kweli. Chiriku alipofika Alhamisi na kumshika miguu, baba yake alimwitikia shikamoo yake kwa adabu zote, akamwomba radhi kwa kutokuwa na kiti kizuri cha wateja.

Tangu hapo alikwenda kila Alhamisi, na kila Alhamisi alikuwa mteja. Aliliweka kasha mapajani mwa mzee, akamwomba amwambie linavyofunguliwa.

"Hili si lako, mama," Komeo alisema kwa upole. "Mwenyewe ni binti yangu. Akija nitamwambia."

"Ndiye mimi, baba."

Mzee alimtazama, bila ukali wowote. "Wengi husema hivyo. Kama kila asemaye ndiye angekuwa ndiye, mimi ningeishi kwa kazi gani?"

Shangazi alijaribu kumsaidia. "We Komeo, fumbua macho. Huyu ni Chiriku."

"Chiriku mtoto," alijibu. "Huyu si mtu mzima?"

Chiriku alirudi nyumbani na kasha lake. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alikuwa ameliandika jambo hilo mara hamsini kwa maneno mengine bila kumwona mtu ndani yake. Sasa alimwona. Hakuwa kiumbe wa sayari yoyote. Alikuwa amevaa sweta ya kijivu, na alikuwa hai.

Kisha muda ukaisha. Msimamizi alisema mchezo unatoka, anahitaji siri ya ndani ya kasha kufikia Ijumaa, na kama mzee hasemi, chini kwa mafundi wa jengo kuna msumeno. Dakika tano tu. Hakusema kwa ubaya. Kwake kasha ni kasha. Mchoraji mmoja, mama wa makamo aliyempenda Chiriku, alimvuta pembeni akampa njia laini. Asimwombe mzee siri. Amwambie kasha limekwama na mwenyewe kamtuma alilete kwa fundi likaguliwe. Mzee atalifungua mwenyewe, na simu itakuwa juu ya kabati inapiga video. "Hataumia," alisema. "Wala hatajua." Chiriku alifikiri usiku kucha, akakubali. Kwa kampuni, alijiambia. Lakini ukweli ni kwamba alichokitaka ni kile kilichokuwa chake, ambacho alikiahirisha kwa siku tatu.

Alhamisi ile jua la mchana lilikuwa limeingia sebuleni hadi kwenye vidole vya miguu vya mzee. Shangazi alikuwa anakunja nguo. Chiriku aliisimamisha simu juu ya kabati, kati ya chupa ya chai na saa mbovu, akaielekeza mezani. Akasema uongo wake vizuri, macho chini.

"Limekwama?" Mzee alishtuka kama aliyeambiwa mtoto anaumwa. "Lete."

Akaliweka sikioni, akaligonga kwa ukucha. Mgongo wake ukanyooka. Ile mikono iliyokuwa ikishindwa vifungo vya shati ikajipanga juu ya pete, dole gumba huku, vidole vitatu kule, na uso ukawa ule wa kibandani.

Chiriku alikuwa amepanga kuketi tu atazame sakafu. Lakini dole gumba lilipoigusa pete ya kwanza, alijikuta amesimama, ameshageukia ukuta. Hakuamua. Na mbele ya macho yake, urefu wa pua, ilikuwa simu, alama yake nyekundu ikiwakawaka.

Nyuma yake pete ya kwanza ililia, tk. Akakumbuka yule bwana na sanduku la mkewe. Pete ya pili. Akanyoosha mkono, akailaza simu kifudifudi. Ya tatu. Ya nne.

Ya tano haikulia. Shangazi naye alikuwa ameacha kukunja.

"Mama," alisema mzee.

"Naam."

"Nani kakwambia ugeuke?"

"Hakuna aliyeniambia."

Kiti kililia. Chiriku alizidi kuutazama ukuta. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na angetoa yote aliyowahi kuandika ili neno linalofuata liwe jina la ndege.

"Binti yangu naye yuko hivyohivyo," mzee alisema taratibu. "Hasubiri kuambiwa."

"Yuko wapi?" Chiriku aliuliza ukuta.

"Kazini. Kasema atakuja Alhamisi."

"Leo Alhamisi, mzee."

Komeo akaishika tena pete ya tano. "Basi yuko njiani," alisema. Na pete ya tano ikalia, na kifuniko kikafunguka kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeachanisha midomo aseme, kikafungwa tena. Kisha pete zote tano, moja baada ya nyingine, zikarudi zilikotoka.

"Geuka. Halina hitilafu. Mwambie... Hapana, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe."

Ijumaa Chiriku alimwambia msimamizi kwamba njia haikupatikana na kasha halikatwi, kwa sababu si la kampuni. Aliyasema akimtazama machoni, jambo lililowashangaza wote, yeye akiwamo. Msimamizi aliguna, akasema potelea mbali, litawaka tu. Na kwenye mchezo ndivyo lilivyo: shujaa anaweka kiganja, mwanga unatoka, kasha linajifungua lenyewe. Wachezaji wameusifu sana mwanga.

Maneno ya chini yake ilibidi ayaandike yeye. Alikaa tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, akaandika: Anayejua kulifungua yupo. Anamsubiri mwenyewe. Msimamizi aliyasoma mara mbili, akauliza vipi awepo mtu aliyetoweka miaka milioni iliyopita. Akayafuta, akairudisha ile sentensi ya siku zote.

Alhamisi iliyofuata alikwenda bila kasha na bila swali. Baba yake alimkaribisha, akamwambia mwenye kazi hajafika ila yuko njiani, na kama mama hana haraka, akae.

"Sina haraka," alisema Chiriku.

Shangazi akawaletea chai. Wakakaa, wote wawili wakiangalia mlango.