Nguzo Iliyosimama Juu ya Falaniko

Kaka yangu Pesamino aligeuza neno langu mbele ya msanifu majengo, na leo nguzo ya maktaba imesimama juu ya kondo la nyuma la mwanangu.

Hapa Samoa kondo la nyuma huitwa fanua, na ardhi nayo ni fanua. Mtoto akizaliwa tunalizika, ili popote aendapo awe na pa kurudi. La Falaniko lilizikwa chini ya mshelisheli, ufukweni Apia. Falaniko alikwenda New Zealand kutafuta kazi, akafia huko, akazikwa huko. Nilichobaki nacho ni udongo ule tu.

Msanifu, mama wa Kizungu mpole, alikuja na michoro yake. Akauliza kama kuna mwenye kitu pale kabla hawajachimba. Nikasema, "Fanua ya mwanangu iko chini ya mti ule. Isogezeni nguzo kidogo tu."

Pesamino ndiye aliyetafsiri. Kiingereza changu ni cha dukani, lakini nilisikia akitaja ardhi tu, kondo hakulitaja. Yule mama akatikisa kichwa: ufukwe ni wa serikali.

"Kaka, umemwambia nini?"

"Ulichosema. Si fanua?"

"Usinichezee. Shimo la kulizikia ulilichimba wewe!"

"Aa, dada! Jengo zima lihame kwa ajili ya mzizi wa mshelisheli? Usituaibishe mbele ya wageni."

Alikuwa ameahidiwa hotuba ya ufunguzi. Akaitoa, akapigiwa makofi.

Jengo lenyewe wanalisifu. Paa limepinda kama la nyumba zetu, nguzo zimezunguka vilevile, ila katikati ya nguzo wametia vioo. Bahari unaiona, upepo wake huupati. Mimi napiga deki humo, magoti yameisha.

"Bi Salilo," mlinzi hunitania, "nguzo hiyo unaipangusa kama unamwogesha mtoto. Nguzo nyingine zitaionea wivu!"

Nakamua kitambaa, naipangusa tena.

Kwetu dada ni agano la kaka yake, amlinde na kumheshimu. Aliyekosa huja asubuhi, akaketi chini mbele ya nyumba ya aliyemkosea, mkeka mwororo umemfunika kichwa, asiondoke mpaka aitwe ndani. Pesamino mkeka anao, mzuri, wa mama yetu. Nyumba yangu anaipita kila Jumapili akienda kanisani, na mimi huwa nimekaa mlangoni. Hajaja kuketi.