Mikono Miwili ya Kushoto

Mimi ni mpiga pasi, na mpiga pasi huyaona makosa ya fundi kabla mwenye nguo hajayaona. Nguo ikishalala mezani kwangu ikapata joto, haina siri tena. Miaka thelathini na mmoja nimefanya kazi chumba kimoja na fundi mmoja, meza yake dirishani penye mwanga, yangu mlangoni ili moshi wa makaa upate pa kutokea. Kwa hiyo watu huniita Makaa. Yeye wanamwita Sentimita, kwa utani tu, maana hajapima kwa sentimita maisha yake yote. Futi kamba aliyonunuliwa na marehemu mkewe aliigeuza mshipi wa suruali.

Sentimita hupima kwa uzi. Anakuzungushia uzi mweupe, anapiga fundo penye bega, fundo penye kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mwisho wa uzi hufunga kipande cha nguo ya kwanza aliyokushonea, kisha anautundika ukutani kwenye msumari. Hakuna jina wala namba. Ukirudi baada ya miaka mitano, atakwenda moja kwa moja kwenye uzi wako, aulinganishe na tumbo lako, na akwambie umenenepa kabla hajakujulia hali.

Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Ilianza na miguu. Alikuwa mtu wa hatua ndefu, nikaona anaburuza viatu kama sakafu imepakwa gundi. Nikasema moyoni, uzee huo, hata mimi magoti yanalia. Kisha akaanza kusimama katikati ya kazi, uzi mkononi, akiutazama ukuta. Ukimwambia jambo anakujibu, tena jibu la akili, ila linachelewa, hata wewe umeshasahau ulichouliza. Wateja wakasema fundi siku hizi anaringa. Na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kuogopa.

Halafu likaja shati la fundi bomba. Nilipolitandika mezani nikaona mikono yote miwili ni ya kushoto.

Hapa nieleze kidogo. Kitambaa kikiwa kingi, fundi hukikunja mara mbili akakata mikono yote kwa pamoja. Kikiwa kidogo, hukata mmoja mmoja, na kabla ya kuchora wa pili lazima augeuze ule wa kwanza, uso wake ulale chini. Asipougeuza, anapata mikono miwili ya upande mmoja. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Sentimita aliwahi kuwacheka watu kwa kosa hilo hadi wakaacha ufundi.

Fundi bomba alikuwa mwungwana. Alivaa lile shati, mkono mmoja ukajisokota, akasema labda tangu sasa asalimie watu kwa kushoto. Tukacheka wote. Sentimita alicheka mwisho, na macho yake hayakuwamo katika kicheko hicho.

Binti yake alipopata habari hakucheka hata kidogo. Ni mwanamke wa ofisini, mwenye haraka, lakini amekulia chini ya meza ile ile ya kukatia, akichezea vipande. Kesho yake tukampeleka mzee hospitali, mimi nikimshika mkono wa kulia.

Daktari alikuwa msichana mpole. Alimtembeza chumbani, akamchoresha saa, akampa maneno matano ayashike. Baada ya muda akamuuliza, mzee akakumbuka mawili tu. Daktari akamdokeza, "Moja lilikuwa tunda," naye akalitaja papo hapo. Kwa kudokezwa hivyo yakatoka yote matano. Niliona daktari akiandika hilo kwa makini kuliko mengine.

Kisha akatuonyesha picha ya kichwa. Ilikuwa na madoa meupe, kama kitambaa cheusi kilichorukiwa na dawa ya kufulia. Akaeleza kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu nyeupe, nayo ni nyuzi tupu, maelfu kwa maelfu, zinazopeleka habari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Presha ya miaka mingi imeharibu mishipa midogo inayolisha nyuzi hizo. Mambo anayoyajua bado yamo, kwa sehemu kubwa. Njia za kuyafikia ndizo zimeharibika. Ndiyo maana anachelewa, ndiyo maana hata miguu inaburuzika, na ndiyo maana akiulizwa vizuri anapata.

Sentimita akauliza, "Haziwezi kutiwa kiraka?"

"Hapana, mzee wangu. Zilizokatika hatuziungi. Tunazilinda zilizobaki."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumeimba sote tangu utotoni. Lakini yeye vidonge vya presha alikuwa akimeza akiumwa kichwa, kichwa kikipoa anaviweka kwenye kopo la vifungo. Nilikuwa nikiviona mle. Sikusema. Hilo ndilo ninalojilaumia mpaka leo.

Tuliporudi, binti akasema duka lifungwe. Mkasi ule unaweza kumkata, na jina lake litachekwa mtaani. Sentimita akamjibu kwamba mtu aliyenyang'anywa mkasi huwekewa kiti barazani, na aliyewekewa kiti barazani anangojewa afe. Wakabishana hadi makaa yangu yakazimika. Mwishowe wakakubaliana juu ya suti ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa anastaafu wiki ile. Aliacha kwetu kitambaa alichoachiwa na marehemu dada yake, rangi ya moshi, kilichokaa sandukuni miaka kumi na mmoja. Kilitosha suti moja ya kike, hakibaki hata cha kuziba tundu. Sharti likawa hili: akiikata salama, mkasi unabaki wake. Akiiharibu, anautoa kwa mkono wake mwenyewe, bila ugomvi. Binti akanigeukia mimi. "Na wewe, baba mdogo, usimsaidie. Ukimsaidia, sitajua kama bado anaweza."

Nikaahidi. Ahadi nyingine ni mzigo wa kuni mbichi.

Siku ya kukata alikuja mapema, amenyoa. Binti aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye kigoda karibu na meza, mikono mapajani. Sentimita akaushusha uzi wa mwalimu bila kusita, nikapumua. Akakata mgongo. Akakata vifua viwili, kulia na kushoto, sawasawa. Sketi nayo ikatoka. Kila mkasi ulipofunga mdomo, roho yangu ilikuwa imo humo katikati. Nilikuwa nikipiga pasi shuka moja tangu asubuhi, siijui imenyooka au la.

Ikafika mikono. Kitambaa kilikuwa chembamba pale, lazima mmoja mmoja. Akakata wa kwanza, akauweka pembeni. Akasimama, uzi mkononi, akautazama ukuta muda mrefu. Kisha akauchukua ule mkono wa kwanza, akaulaza juu ya kitambaa ili achore wa pili.

Haukuwa umegeuzwa.

Kitambaa kile uso na mgongo vilifanana kama pacha, ila mimi nilikuwa nimekipiga pasi jana yake na nilijua upande unaong'aa. Ulikuwa juu, kwa mkono na kwa kitambaa pia. Chaki ikazunguka, taratibu, mstari mzuri ajabu, usiotetemeka. Nikamtazama binti. Hakujua, au nilidhani hajui. Sentimita akachukua mkasi. Nikafumbua mdomo, nikaikumbuka ahadi. Nikafikiri vile vidonge katika kopo la vifungo: mara hii pia ninyamaze?

Nikaweka pasi chini ili niseme. Lakini binti akatangulia, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa wa kukaa chini ya meza.

"Baba, sasa unakata nini?"

Zamani alikuwa akimuuliza hivyo kutwa nzima, mpaka tukamwita karani.

Mkasi ukasimama. "Mkono."

"Wa upande gani?"

Akaangalia. Alichelewa mno, nikasikia makaa yakipasuka kwenye pasi yangu. "Wa kushoto."

"Na ule uliokwisha kuukata?"

Akaugusa kwa kidole, akaupapasa upande huu na upande ule kama anayemtambua mtu gizani. "Wa kushoto," akasema. Akaugeuza. Akaifuta chaki kwa kiganja, akachora upya, na mstari wa pili ulikuwa mzuri kama wa kwanza.

Hakukata. Aliushika mkasi kwa ncha, akauelekeza mpini kwa binti yake.

"Sikuiharibu," akasema.

"Hukuiharibu, baba."

"Lakini ungekuwa hukuuliza, ningeiharibu. Shika. Mimi nitachora, wewe utakata. Ila kila mara uniulize kwanza."

Binti akaushika kwa mikono miwili. Hakuwa amekata nguo ya mtu tangu awe msichana, na ule mkono wa kulia ulitoka na kijipembe kidogo penye kwapa. Nilikipasha joto nikakivuta mpaka kikatii. Mwalimu aliivaa suti yake, akazunguka mbele ya kioo, akasema mikono haijawahi kumkaa vizuri namna ile.

Sasa binti huja Jumamosi. Duka hufunguliwa siku hiyo tu. Sentimita humeza vidonge mbele yangu, nami hulifungua kopo la vifungo nihakikishe. Siku hizi hata presha yangu napimwa. Wakimaliza kazi, binti hushusha nyuzi ukutani mmoja mmoja, kabla hazijawa nyuzi tu, amuulize baba yake ni wa nani, kisha aandike jina. Zinazotambuliwa hurudi mahali pake. Zisizotambuliwa zinapewa msumari mwingine karibu na mlango, upande wangu. Kwa hiyo nauona unavyojaa.

Jumamosi iliyopita alishusha uzi wenye kipande cha kaki iliyopauka. Ilikuwa kaki ya suruali yangu ya kwanza. "Huu wa nani, baba?"

Sentimita akaupitisha vidoleni. Mimi nikainamia pasi yangu, nisije nikamdokeza kwa uso. Akaenda fundo kwa fundo, akarudi nyuma, akaenda tena. Binti akaanza kuutazama ule msumari wa mlangoni.

"Jina limekwama," mzee akasema. "Lakini huyu nilimpigia mafundo mawili ya bega, kila bega na lake. La kulia limeshuka. Mtu wa kushika kitu kizito, siku zote mkono huo huo."

Akainua macho, akayaleta polepole mpaka mlangoni, mpaka kwenye bega langu.

"Mwandike huyo," akasema.